Grand Kallé, mwimbaji aliyefungulia Kongo uhuru kwa cha-cha

Kila mwaka, tarehe 30 Juni ikikaribia, redio za Kongo kutoka Matadi mpaka Bunia zinapiga mwimbo mmoja ule ule. Hapa Kisangani unausikia Mangobo, unausikia Kabondo, unausikia mpaka ng'ambo ya mto, Lubunga. Kijana wa toleka anaupiga mluzi akiwa juu ya kinga yake, na mzee aliyekaa mbele ya nyumba anatikisa kichwa. Wote wanaujua: Indépendance Cha Cha. Lakini ukiuliza ni nani aliyeuimba, vijana wengi watakutajia jina moja tu, Grand Kallé, kiisha watanyamaza. Na ukiuliza mwimbo wenyewe umejengwa namna gani, gitaa ipi inasema nini, sauti zipi zinajibizana, hapo hata wazee wanacheka.

Basi, hii ni habari ya maisha ya Joseph Kabasele Tshamala, na ya mwimbo ule uliofungua mlango wa uhuru miezi mitano kabla ya uhuru wenyewe kufika.

Mtoto wa Matadi

Joseph Kabasele alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 huko Matadi, mji wa bandari, mahali ambapo meli za bahari zinaishia na treni ya Kinshasa inaanzia. Jamaa yake ilikuwa na asili ya Kasai, na ilikuwa jamaa yenye kujulikana. Joseph Malula, yule aliyekuja kuwa kardinali wa Kinshasa, alikuwa mtu wa ukoo huo. Kabasele alikulia Kinshasa, iliyoitwa wakati ule Léopoldville, akasoma shule za mapadri, na sauti yake ilianza kujulikana kanisani, katika kwaya. Ilikuwa sauti ya juu, laini, isiyolazimishwa. Watu waliomsikia akiimba baadaye katika baa na katika diski walitambua ile sauti ya kwaya: maneno yanatoka wazi, kila silabi mahali pake.

Alipomaliza masomo alifanya kazi ya ofisi, kama vijana wengi waliojua kusoma na kuandika Kifaransa wakati wa Wabelgiji. Lakini Léopoldville ya miaka ya 1950 haikumwacha mwimbaji akae kimya nyuma ya meza. Mji ulikuwa umejaa muziki. Wafanyabiashara Wagiriki na wengineo walikuwa wamefungua nyumba za kurekodi: Ngoma, Opika, Loningisa, Esengo. Diski za Kuba, zile za mfululizo wa G.V. zilizoanza kufika Afrika katika miaka ya 1930, zilikuwa zimewafundisha vijana mapigo ya rumba. Wakongomani walipozisikia, hawakuziona kama kitu kigeni hata kidogo. Ngoma zile zilitoka Afrika zamani ndani ya meli za watumwa, zikakaa Kuba, na sasa zilikuwa zinarudi nyumbani zimevaa kostima.

Kabasele alianza kurekodi kwa Opika. Katika mwaka wa 1953 akaunda orkestra yake, African Jazz. Jina hilo lisimdanganye msikilizaji: haikuwa jazi ya Marekani. Neno jazz lilikuwa na maana ya mambo ya kisasa, ya watu wa mji. Na Kabasele alitaka hivyo kweli. Alitaka muziki wa Kongo utoke kwenye gitaa moja na chupa ya kugonga, uwe kazi ya orkestra nzima, yenye gitaa za umeme, yenye tumba, yenye vyombo vya kupuliza, na wanamuziki waliovaa vizuri, wanaofika kwa saa.

Wawili wa Kasai

Nguvu kubwa ya African Jazz ilikuwa ndugu wawili. Mkubwa alikuwa Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud. Mdogo alikuwa Nicolas Kasanda, ambaye dunia nzima ilimjua baadaye kama Docteur Nico. Nico alizaliwa mwaka wa 1939 Mikalayi, Kasai. African Jazz ilipoanza, alikuwa mtoto wa miaka 14, bado mwanafunzi. Hawa wawili walikuwa wamejifunza karibu na Zacharie Elenga, aliyeitwa Jimmy, mtu aliyejulikana kwa kupiga gitaa kwa mtindo wa Hawaii, nyuzi zikilia kwa urefu kama mtu anayeimba. Ukisikiliza Nico vizuri, ule utamu wa Jimmy unaukuta ndani yake mpaka mwisho.

Ndugu hawa waligawana kazi vizuri. Dechaud alishika gitaa ya akompa, ile inayorudia umbo moja dogo, bila kuchoka, kama mtu anayesuka mkeka. Nico alishika solo, ile inayotembea juu ya mkeka huo. Mpaka leo, orkestra ya Kongo ikianza kupiga, hata huku kwetu mashariki, mgawanyo ule bado uko: kuna anayesuka na kuna anayetembea.

Miaka ile ya mwisho ya ukoloni, mji uligawanyika mara mbili kwa muziki. Kulikuwa na watu wa African Jazz, na kulikuwa na watu wa OK Jazz, orkestra iliyoundwa mwaka wa 1956 na Franco na wenzake. African Jazz ilionekana kuwa ya watu waliosoma, yenye sauti laini na mapatano ya kupangwa. OK Jazz ilikuwa na vumbi la mtaa, gitaa nzito na maneno makali. Watu walibishana baa kwa baa. Wanamuziki wenyewe walijuana vizuri, lakini kila mmoja alikuwa na upande wake.

Januari 1960: gereza na hoteli

Ili kuelewa mwimbo, inafaa kurudi kwanza hapa Kisangani, wakati bado unaitwa Stanleyville.

Patrice Lumumba alikuwa amefika mji huu mwaka wa 1944, kijana wa Sankuru, akafanya kazi ya posta na kujulikana katika vyama vya watu waliosoma. Mwisho wa Oktoba 1959 chama chake, MNC, kilifanya mkutano wake mkubwa hapa. Tarehe 30 Oktoba fujo ilizuka, askari wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Lumumba alikamatwa. Mwezi wa Desemba, kiongozi wao akiwa bado gerezani, wakaaji wa Stanleyville walipiga kura ya mji na kukipa MNC ushindi mkubwa sana. Tarehe 21 Januari 1960 tribinali ikamhukumu Lumumba miezi sita ya kifungo, kiisha akapelekwa gereza la Jadotville, Katanga, mji unaoitwa leo Likasi.

Siku moja kabla ya hukumu hiyo, tarehe 20 Januari, mkutano wa Table Ronde ulikuwa umefunguliwa Bruxelles. Viongozi wa vyama vya Kongo walikaa na wakubwa wa Ubelgiji ili kupanga namna nchi itakavyotoka katika ukoloni. Wakongomani walifika wakiwa na vyama vingi na ugomvi mwingi, lakini waliweza kufanya kitu ambacho Wabelgiji hawakukitazamia: walijiunga katika front commun, yaani upande mmoja. Moja ya madai yao ilikuwa Lumumba aachiliwe. Tarehe 25 Januari akatolewa gerezani. Tarehe 26 alishuka kwenye ndeke Bruxelles, mikono ikiwa bado na alama za pingu. Tarehe 27 siku ya uhuru ikapangwa: 30 Juni 1960.

Na wanamuziki walikuwa huko. Thomas Kanza, Mkongomani wa kwanza asiye padri kumaliza masomo ya universite, alikuwa Bruxelles na aliona kwamba mkutano kama ule hauwezi kupita bila muziki wa nyumbani. Kabasele akaitwa pamoja na watu wake. Lakini orkestra iliyopanda ndeke haikuwa African Jazz peke yake. Kutoka OK Jazz walikuja wawili: mwimbaji Vicky Longomba, baba wa Awilo Longomba ambaye vijana wa sasa wanamjua, na Armand Moango, aliyeitwa Brazzos. Franco mwenyewe alibaki Kinshasa.

Kwa hiyo kile walichofanya wanasiasa mezani, wanamuziki pia walikifanya jukwaani. Pande mbili zilizoshindana Kinshasa zilikaa katika orkestra moja. Ilikuwa front commun ya gitaa.

Mwimbo ulijengwa namna gani

Indépendance Cha Cha ulizaliwa Bruxelles katika siku zile, ukapigwa katika sherehe za hoteli Plaza walipokutana wajumbe wa Kongo, na ukarekodiwa. Watu saba wanausikika ndani yake. Kabasele na Vicky wako kwenye sauti. Nico yuko kwenye solo, Dechaud kwenye akompa, Brazzos kwenye besi. Roger Izeidi anatikisa marakasi, na Pierre Yantula, aliyeitwa Petit Pierre, yuko kwenye ngoma. Hakuna saksofoni, hakuna tarumbeta. Ni orkestra ndogo ya safari, na wepesi wa mwimbo unatoka hapo kwa sehemu kubwa.

Kwanza, pigo. Cha-cha-cha ilianza Kuba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Enrique Jorrín ndiye anayetajwa kuwa aliyeitunga. Pigo lake lina hesabu ya nne, lakini mwisho wa hesabu miguu inafanya hatua tatu fupi, na hatua hizo ndizo zilizoipa dansi jina. Si ya haraka kama mambo, si ya polepole kama bolero. Mtu wa miaka 70 anaweza kuicheza, na mtoto pia. Kabasele hakuchagua muziki wa kivita kwa ajili ya uhuru, wala wimbo wa heshima wa kusimama wima mkono kifuani. Alichagua dansi ambayo kila mtu aliyekuwa na redio au fonografi jirani alikuwa anaijua tayari. Hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Pili, gitaa. Mwimbo unaanza na gitaa ya Nico, kabla ya sauti yoyote ya mtu. Maneno machache tu ya nyuzi, safi, ya juu, kama kengele ya kuita watu. Alikuwa na miaka 20. Chini yake Dechaud anaingia na umbo lake la kurudiarudia, na besi ya Brazzos inaacha nafasi kubwa kati ya sauti na sauti, haijazi kila pembe. Nafasi hizo ndizo zinazomvuta mtu anyanyuke. Marakasi ya Izeidi inajaza kati kwa mchanga wake usiokatika, na mikono ya Petit Pierre inajibu mwisho wa kila mstari. Akodi ni chache sana, zile zile ambazo mtoto anayejifunza gitaa anazipata mwezi wa kwanza. Ugumu hauko kwenye akodi. Uko kwenye namna watu wale wanavyopishana bila kugongana.

Tatu, sauti. Kitikio kinaimbwa kwa pamoja, sauti mbili zikitembea sambamba, moja juu na nyingine chini kidogo, namna ile ya kwaya ya kanisa. Ni habari moja tu wanayoitangaza: uhuru tumeupata. Wanaitangaza kwa Lingala, na neno la Kifaransa la uhuru limewekwa mbele, kwa hiyo hata mtu wa Bukavu au wa Dakar asiyejua Lingala anashika maana mara moja. Wimbo haubishani, hauelezi, haulaumu. Unatoa tangazo, kama redio.

Nne, majina. Hii ndiyo sehemu inayoufanya mwimbo kuwa tofauti na nyimbo nyingine za furaha. Baada ya kitikio, waimbaji wanaanza kuita vyama na watu, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita wanafunzi asubuhi. Abako iko, MNC iko, PSA iko. Conakat iko karibu na Cartel, wapinzani wake wa Katanga. Kasavubu anatajwa, Lumumba anatajwa, Bolikango, Tshombe, Kalonji, Kamitatu, wote ndani ya mapigo yale yale. Lumumba na Kalonji walikuwa tayari wamegawana MNC mara mbili tangu mwaka wa 1959, lakini katika mwimbo wanakaa karibu. Hakuna aliyepewa mstari mrefu kuliko mwenzake. Hakuna aliyewekwa kwenye kitikio peke yake.

Tena, African Jazz yenyewe imejitaja kati ya waliopata ushindi. Wanamuziki walijihesabu kuwa wajumbe. Kumbe walikuwa na haki: kati ya kazi zote za Table Ronde, ile yao ndiyo watu wanaikumbuka kwa kichwa.

Kiisha sauti zinanyamaza na Nico anachukua nafasi. Solo yake haikimbii. Anachukua wimbo ule ule uliokwisha kuimbwa, anaugeuza kidogo, anauonyesha upande wa pili, halafu anaurudisha kwa waimbaji. Wapenzi wa sebene ya leo, ile ya kasi, wanaweza kuiona fupi na ya upole. Lakini mbegu iko pale: sehemu ambapo maneno yanakwisha na gitaa inaendelea kusema.

Mwimbo uliopita mipaka

Diski ilifika nyumbani kabla ya uhuru. Redio ya Léopoldville iliipiga, masanduku ya diski yakapanda masua kwenye mto, kilometa 1,700 hivi kutoka Kinshasa mpaka hapa ambapo maporomoko ya Wagenia yanazuia njia. Mwaka ule wa 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Nyingi kati yake zilikuwa na wimbo wao wa taifa, ulioandikwa na watu wa serikali. Lakini usiku, katika baa, watu wa Afrika magharibi, wa kati na wa mashariki walicheza mwimbo wa Kongo, hata kama hawakujua Bolikango ni nani.

Kabasele alirudi na kitu kingine pia: wazo la kujitegemea. Mwaka wa 1960 huo huo alianzisha nyumba yake ya diski, Surboum African Jazz, kati ya nyumba za kwanza zilizokuwa mali ya Mkongomani. Mpaka hapo mwanamuziki aliimba, mwenye duka akauza, na faida nyingi ilibaki dukani. Kabasele alitaka mwimbaji awe na diski yake mwenyewe. Tena hakuifungia mlango orkestra pinzani: OK Jazz ya Franco nayo ilitoa diski kwa Surboum. Mwaka wa 1961 alimchukua kijana wa Kameruni aliyemkuta Bruxelles, Manu Dibango, mpiga saksofoni na piano, akamleta Kinshasa. Dibango, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa Soul Makossa, alisema wazi maisha yake yote kwamba Kongo ilikuwa shule yake. Na kijana mwingine aliyekuwa amepita mlango wa African Jazz, Pascal Tabu, yaani Rochereau, alikuja kuwa Tabu Ley.

Majina yalipoanza kuachana

Lakini yale majina yaliyopangwa vizuri katika mwimbo hayakukaa pamoja. Tarehe 30 Juni ilipita, na siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai 1960, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Mwezi wa Agosti Kalonji naye akaitenga Kasai ya Kusini. Tarehe 5 Septemba Kasavubu akamfukuza Lumumba katika uwaziri mkuu. Mwezi wa Desemba watu wa Lumumba, wakiongozwa na Antoine Gizenga, wakaweka serikali yao hapa Stanleyville. Lumumba alikuwa anajaribu kufika huku kwa wafuasi wake alipokamatwa njiani. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Haukuwa umetimia mwaka mmoja tangu mwimbo uimbwe.

Kwa wakaaji wa Kisangani, orodha ile ya majina ilibadilika maana. Watu waliokuwa wamecheza cha-cha wakiita Lumumba na Tshombe kwa pumzi moja, sasa walijua kwamba mmoja alikufa kwenye ardhi ya mwingine. Kiisha ukaja mwaka wa 1964: Simba wakauchukua mji mwezi wa Agosti, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka kutoka kwenye ndeke za Amerika. Damu nyingi ilimwagika, ya raia weusi na weupe. Mji uliompa Lumumba kura zake ulilipa bei ya uhuru mara nyingi, na ulikuja kuilipa tena Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya nyumba za watu.

African Jazz nayo haikupona. Kulikuwa na manung'uniko ya pesa na ya uongozi, na mwaka wa 1963 nguzo za nyumba zikaondoka pamoja: Nico, Dechaud, Rochereau, Izeidi. Waliunda African Fiesta, na hiyo pia haikuchukua muda mrefu ikagawanyika. Kabasele aliyekuwa ameweza kuwakalisha African Jazz na OK Jazz katika orkestra moja Bruxelles, sasa alishindwa kuwashika watu wake mwenyewe. Hilo lilimuumiza. Alijenga orkestra tena na wanamuziki wengine, akaendelea kuimba, lakini ule mpangilio wa mwanzo, Dechaud akisuka na Nico akitembea juu, hakuupata tena.

Mwisho wa miaka ya 1960 alikuwa Paris, akirekodi na African Team pamoja na Manu Dibango na wengine. Sauti ilikuwa bado ni yake. Muziki nyumbani ulikuwa umekimbia mbele: Franco alikuwa mkubwa, Tabu Ley alikuwa mkubwa, na vijana wa Zaïko Langa Langa walikuwa wanatupa saksofoni nje na kuongeza kasi ya sebene. Afya ya Kabasele ikawa dhaifu. Alikufa tarehe 11 Februari 1983, akiwa na miaka 52. Nico alimfuata mwaka wa 1985, akiwa na miaka 46. Waliofungua njia hawakuzeeka.

Alichokiacha

Kuna watu wanaoona kwamba Indépendance Cha Cha ulidanganya. Wanasema uliimba ushindi kabla ya kazi kuanza, ukawapa watu ngoma wakati walihitaji mpango. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Mkutano wa Januari uligawa vyeo na tarehe, lakini mambo mazito ya mali, ya jeshi na ya madini yalibaki mikononi mwa wengine, na hakuna mwimbo uliyoyataja.

Lakini mwimbo si mkataba. Kazi ya Kabasele ilikuwa nyingine. Alichukua watu ambao hawakupendana na kuwaweka katika hesabu moja ya nne, kwa muda wa dakika tatu. Katika dakika hizo besi inamwachia akompa nafasi, akompa inamwachia solo, Vicky wa OK Jazz anashika sauti ya pili chini ya Kallé wa African Jazz, na hakuna anayemfunika mwenzake. Kama Kongo ingetawaliwa namna mwimbo ule ulivyopigwa, historia ya Kisangani ingekuwa nyingine. Wanasiasa waliotajwa walipewa mfano. Kuufuata ilikuwa juu yao.

Mwaka wa 2010, Kongo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi na kulelewa Ubelgiji, aliuchukua tena mwimbo huu na kuutia katika albamu yake Kinshasa Succursale. Aliupa pia jina la Kiswahili, Siku ya Baadaye. Alibakiza kitikio cha furaha, lakini juu yake akaweka maneno ya mtu anayeuliza sherehe ilipokwisha nini kilibaki. Ni haki kwamba swali hilo lilipewa jina katika lugha ya mashariki, kwa sababu mashariki ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya jibu lake.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Jina la Kabasele liko ndani ya urithi huo kama jiwe la msingi, hata pale ambapo halionekani. Tarehe 30 Juni nyingine itakapofika, na mwimbo ukaanza kulia Makiso au Tshopo, inafaa kusikiliza kwanza ile gitaa ya mwanzo, kabla ya mtu yeyote kuimba. Ni kijana wa miaka 20 anayeita watu wa nchi nzima waje. Walikuja wote. Kukaa pamoja baada ya muziki kunyamaza, hiyo ndiyo kazi ambayo Grand Kallé aliiacha kwa waliobaki.